Mwacheni Amalize

Mama yangu si mtu wa maneno. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kibondo mjini, watu wanamjua zaidi kwa kuitikia kuliko kwa kuanzisha. Halikuwa tatizo, kwa kuwa mdogo wangu wa mwisho, msichana, alizaliwa na maneno ya kuwatosha wote wawili.

Kwetu Waha salamu ni kazi. Mwanamke anakunja magoti kidogo, anapiga viganja taratibu, anasema "Mwakeye," na mwenzake anapiga viganja vyake na kuitikia. Kisha zinafuata habari za watoto, za shamba, za mbuzi, za mvua, za mgonjwa wa mwaka jana ambaye alishapona na kusahau kwamba aliumwa. Asubuhi wakienda kisimani, mdogo wangu alitangulia na kuwasalimia watu wote wa njiani kwa niaba ya mama. Alipiga viganja, pa pa pa, akauliza, akajibu, akaeleza kwamba mama hajambo na kwamba mbuzi wetu mwenye sikio moja amekula kamba tena. Mama alikuja nyuma na ndoo kichwani, ametabasamu tu. "Huyu ndiye mdomo wangu," aliniambia siku moja. "Mimi nimebaki na masikio."

Kati yangu na yeye ipo miaka kumi na minane na makaburi mawili madogo. Baba alifariki kabla mdogo wangu hajaanza kutambaa. Nilipoanza kujitegemea yeye alikuwa bado mgongoni, kwa hiyo nilimpenda kwa namna mbili, kama ndugu na kama mtoto ambaye ningeweza kuwa nimemzaa.

Mwaka alioingia darasa la kwanza alianza kutapika asubuhi. Alitapika kabla ya uji, kisha akawa mzima, akala, akaenda shule. Zahanati walimpa dawa ya malaria, baadaye dawa ya minyoo. Kisha mwendo wake ukaanza kupinda. Alikuwa akielekea mlangoni, mlango unabaki upande. Watoto wenzake wakamwita mlevi, naye kwa kuwa alipenda kuchekesha aliuchukua ule ulevi akaufanya mchezo: anayumba, anashika ukuta, anasema, "Niongezeeni moja, mimi na mzee mwenzangu." Watu walicheka mpaka machozi. Mama naye alicheka. Mwalimu ndiye aliyeacha kucheka kwanza, siku alipomwona akianguka akiwa amesimama tu, hajaambiwa kuchekesha.

Mimi nilikuwa Kasulu. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, nilikozoea kukaa na waandishi wanaobishana kutwa nzima juu ya sentensi moja, nikapanga chumba kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka la vitenge. Yeye asili yake ni Tanga, lakini Kasulu amekaa mpaka baridi ya huku imemzoea. Jioni nilifundisha masomo ya ziada, mchana niliandika. Mama yangu alipanda basi kutoka Kibondo na mtoto mapajani, wakashuka stendi wakiwa wekundu kwa vumbi kama matofali mabichi.

Daktari wa hospitali ya Kasulu, kijana aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, alimwambia mdogo wangu atembee juu ya mstari wa vigae, mguu mmoja mbele ya mwingine. Hakuweza hatua tatu. Akamwambia aguse pua yake kisha aguse kidole cha daktari. Kidole chake kilizunguka hewani kikitafuta. "Kidole chako kinakimbia," mdogo wangu alimwambia daktari, akacheka. Daktari hakucheka. Aliandika barua, na siku mbili baadaye tulikuwa kwenye basi la kwenda hospitali kubwa ya rufaa, safari ya kutwa nzima.

Huko walimpiga picha ya kichwa. Halafu tukaitwa, mama na mimi, kwenye chumba chenye meza moja na viti vitatu.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alitwambia karibuni, akampa mama kiti kizuri. Akauliza kama mama anafahamu Kiswahili. Nikasema anafahamu kidogo. Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Kinajua maharage, mvua, karibu na kwa heri. Hakijawahi kuingia ndani ya kichwa cha mtoto. "Basi wewe utamfasiria," daktari akasema, na mimi nikaona fahari. Niseme ukweli huo mdogo. Nilikuwa mtu wa maneno, na hatimaye maneno yangu yalikuwa na kazi.

Akaeleza. Nyuma ya kichwa, chini, kuna sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Hapo ndipo uvimbe ulipokaa. Watafungua fuvu, watautoa kadiri watakavyoweza. Anaweza kuvuja damu. Anaweza asiamke. "Na kuna jambo jingine ambalo watu hawalitegemei," akasema. "Baadhi ya watoto wenye uvimbe mahali hapa wanaamka vizuri, wanaongea kama kawaida. Halafu baada ya siku moja au mbili, sauti inaondoka. Wanakuwa mabubu. Wanalia, wanageuza uso, unaweza kudhani wamekukasirikia. Wengi wanarudi kuongea, baada ya wiki, baada ya miezi, lakini mara nyingi si kama zamani. Na wapo ambao hawarudi. Mwambie mama yote hayo kabla hajaweka kidole kwenye karatasi ya kukubali upasuaji."

Mama alikuwa ananitazama mimi, si daktari. Mdogo wangu tulikuwa tumemwacha nje kwenye benchi, na kupitia mlangoni tulimsikia akimsalimia mtu.

Lazima nieleze nilivyolelewa. Nyumbani kwetu ubaya hautajwi mbele ya mtu anayekwenda safari. Baba alipokuwa akipeleka kahawa Manyovu, mpakani, kwenye malori yenye breki mbovu, hakuna aliyetamka ajali, mama alisema, "Ukichelewa kurudi, tutakuwekea chakula." Mtoto akiwa na homa hatusemi ana homa, tunasema amechoka. Ukiliita baya kwa jina, linajua njia. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimekaa mjini, nilikuwa nimewahi hata kuandika kwa dhihaka juu ya imani hiyo. Lakini nilipofungua mdomo kusema kwa Kiha, kwa lugha ya mama yangu, mbele ya mama yangu, kwamba huyu mtoto anaweza kuwa bubu, ulimi ulikataa. Kwa Kiswahili yalikuwa maelezo ya daktari. Kwa Kiha yangekuwa laana, tena kutoka kinywani mwangu.

Nikasema kwa Kiha: "Anasema kuna kitu kimekaa nyuma ya kichwa. Watakitoa. Ni kazi kubwa, watamwangalia sana. Tumwombe Mungu."

Daktari alisubiri. "Umemaliza? Mimi nimesema mengi, wewe umesema machache."

"Kiha ni lugha fupi, daktari," nikamjibu.

Akatabasamu. Mama akaweka kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi, kisha akakifutia kwenye pindo la kitenge chake. Doa lile la zambarau halikutoka tena.

Upasuaji ulichukua asubuhi yote na mchana wote. Waliporudi kutuambia, walisema umekwenda vizuri, wametoa karibu uvimbe wote. Kesho yake mdogo wangu alikuwa macho, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, na alikuwa anaongea.

Hakuwahi kuongea vile. Aliuliza nywele zake zimepelekwa wapi na kama watazirudisha. Alihesabu taa. Alimwambia mama wa kitanda cha pili, Msukuma mnene mwenye mtoto aliyevunjika mguu, habari zote za mbuzi mwenye sikio moja: lile sikio lilivyoliwa na mbwa, mbwa naye alivyokimbizwa, mwenye mbwa alivyokuja kulalamika.

"Huyu mtoto wamemtoa kitu au wamemwongezea redio?" Msukuma akauliza, na wodi nzima ikacheka.

"Bado sijafika kwa mbwa wa pili," mdogo wangu akamwambia.

Ilikuwa alasiri. Muuguzi alipita akasema apumzike, asijichoshe. Kitanda cha mwisho mtoto mmoja alikuwa amezidiwa na mama yake alikuwa amejifunika uso. Mama yangu aliona aibu kwa furaha yetu. Akainama, akampapasa shavu mdogo wangu, akamwambia, "Hora," neno letu la kumtuliza mtoto. "Nyamaza sasa. Umeongea sana leo. Yatunze mengine."

Mdogo wangu aliweka kidole mdomoni kuonyesha amenyamaza, macho yakicheka. Akalala.

Alipoamka kesho yake hakusema kitu. Nilidhani ana usingizi. Mama alimsalimia, akapiga viganja kitandani pale kama wanavyofanya kila siku, "Mwakeye, mama yangu." Mdogo wangu aligeuza uso ukutani. Kufikia mchana alikuwa analia kwa sauti nyembamba ya juu, kilio kisicho na neno ndani yake, na akishikwa anajikaza, na akiachwa analia zaidi. Mikono yake ilipanda na kushuka bila kufika popote.

Daktari alikuja, akamtazama kwa muda, akamshika mkono. Akatugeukia. "Ni lile nililowaambia," akasema kwa upole. "Poleni. Tusubiri. Mweleze mama tena."

Nikamgeukia mama. Nilikuwa na nafasi ya pili, na kuna watu hawapewi hata ya kwanza. Nikasema: "Anasema itarudi. Tusubiri."

Mama akatikisa kichwa. Alikuwa tayari na maelezo yake, na hakuyahitaji ya daktari. Kesho yake, tukiwa tunafua nguo nyuma ya wodi, akaniambia bila kuinua macho, "Amenuna. Nilimwambia anyamaze mbele za watu, na alikuwa ametoka kwenye kisu."

*

Tuliporuhusiwa tulirudi Kasulu, si Kibondo, kwa sababu mdogo wangu alitakiwa kuonekana hospitalini kila wiki, na mtaalamu wa mazoezi alikuwa ametufundisha namna ya kumrudisha: kumkalisha, kumsimamisha, kumpulizisha manyoya ya kuku juu ya meza, kumtolea ulimi naye atoe wake. Chumba changu kimoja kikawa cha watu watatu. Mama mwenye nyumba alituletea kioo kirefu kutoka dukani kwake, kile ambacho wanawake hujitazamia vitenge, akakiegemeza ukutani.

"Mtoto ajione anavyopendeza," akasema. "Mtu mzuri hanyamazi muda mrefu."

Alikuwa akija kila asubuhi na chai yake ya tangawizi, anakaa mbele ya mdogo wangu, anajibishana naye peke yake. "Umesemaje? Eti vitenge vyangu vimepauka? Haya, ngoja nikukomeshe." Mdogo wangu alimtazama. Machoni alikuwemo, nilikuwa na hakika, kama mtu aliyefungiwa ndani anayeona nje kupitia tundu la mlango.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, mama alifanya jambo lake. Alipiga magoti kando ya godoro. Alipiga viganja vyake taratibu, kama mtu anavyomsalimia aliyemzidi umri. Akasema kwa Kiha, "Mwakeye, mama yangu. Nisamehe. Ile nyamaza niliyokupa ilikuwa ya jioni moja tu." Kisha alisubiri. Wakati mwingine mdogo wangu alijaribu kupiga viganja vyake naye amwitikie, na viganja vilipishana hewani, kimoja juu, kimoja chini, havikukutana. Mama aliona kukataa. Mimi niliona ule ubongo wa nyuma ambao daktari alituchorea kwenye karatasi. Nilijua kwa nini mikono haikutani, kwa nini uso unageuka, na nililala umbali wa shuka moja kutoka kwa mama yangu bila kumwambia.

Nilijifunza kuamka mapema na kutoka. Nilikwenda kununua maandazi ambayo hakuna aliyeyahitaji ili nisione yale magoti. Nikirudi, mama alikuwa ameshafagia, pindo lenye doa limejaa vumbi. Wiki ya kwanza nilijiambia nitasema akitulia. Wiki ya tatu nilijiambia mtoto atapona kabla, na haitakuwa na maana. Nilikuwa naandika wakati ule, na naona aibu kusema kwamba kurasa zile zilikuwa nzuri. Zilikuwa na kila kitu isipokuwa neno ambalo nilikuwa nimelificha.

Wiki ya sita, alasiri, tulikuwa barazani tunapukuchua maharage makavu aliyoletewa mama kutoka Kibondo. Mdogo wangu amelala ndani. Mama akasema, "Nimefikiri. Huyu ameshaanza kusoma shuleni. Labda sauti yangu ndiyo hataki kuisikia, hata nikimwomba. Mwandikie barua. Wewe ndiye unajua maneno. Mwandikie kwamba mama yake hakujua."

Nikasema nitaandika. Nikaingia ndani, nikatoa daftari, nikarudi kukaa. Nikaandika jina lake juu. Nikakaa na kalamu. Mama aliendelea kupukuchua akisubiri, ganda huku, maharage kule, na alikuwa ametulia kama mtu ambaye hatimaye amelifikisha shauri lake mahali sahihi. "Mwandikie kwamba mama yake hakujua." Ilikuwa kweli. Na aliyesababisha asijue ndiye aliyeshika kalamu.

Nikaiweka chini. Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiha, yote, kama daktari alivyoyasema, tangu damu mpaka kutoamka mpaka sauti. Nilimwambia kwamba mtoto hajanuna, hajawahi kununa, kwamba ni kisu kilichopita karibu na mahali pabaya na daktari alijua kwamba inaweza kutokea na alinipa nimwambie, nami sikumwambia.

Mama hakuacha kupukuchua. Akauliza, "Alisema siku ya pili?"

"Siku ya kwanza au ya pili."

"Kwamba ataamka anaongea, halafu itaondoka?"

"Ndiyo, mama."

"Kabla sijaweka kidole."

"Kabla."

Maganda yalilia mikononi mwake. "Ningeweka tu," akasema. "Ningeweka kidole vilevile. Angekufa na kile kitu." Kisha akasema kitu ambacho nimekisikia kila siku tangu siku ile. "Lakini ile alasiri ningemwacha aongee. Alikuwa bado hajafika kwa mbwa wa pili."

Aliinuka akaingia ndani, akalala nyuma ya mdogo wangu, akamzungushia mkono. Hakulia. Kesho yake asubuhi alipiga magoti kama kawaida na kupiga viganja, akasema "Mwakeye, mama yangu," akaishia hapo. Hakuomba msamaha tena. Mimi hakunisemesha siku nne, isipokuwa chumvi, isipokuwa maji. Mama mwenye nyumba aliona, akaniuliza kwa jicho, nikatazama pembeni, naye kwa mara ya kwanza hakuuliza zaidi.

Siku ya tano mama aliniambia, akiwa anaosha masufuria, "Ukiwa mdomo wangu, niletee chote. Cha kutema nitatema mwenyewe."

*

Sauti ilirudi mwezi wa tatu baada ya upasuaji, na haikuja na shangwe. Mama mwenye nyumba alikuwa anapuliza chai yake, analalamika juu ya majirani, na mdogo wangu akasema, "Mo. To."

Mama mwenye nyumba aliweka kikombe chini kwa uangalifu kama kimejaa mpaka juu. "Ndiyo, mwanangu," akasema taratibu. "Ni ya moto."

Kuanzia hapo alirudi silabi kwa silabi. Lakini hakurudi yule aliyetangulia njiani. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, kila neno limekatwa vipande, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na nafasi ambayo mtu asiye na subira angeweza kuijaza na maneno yake. Watu wengi waliijaza. Alipoanza kusema, "Na. Ta. Ka," walishamletea maji. Mara nyingi hakutaka maji. Viganja vyake vilijifunza kukutana tena, mara moja katika tatu.

Walirudi Kibondo mvua za kwanza zilipoanza, wakati wa kupanda maharage. Shuleni watoto waliigiza kuongea kwake. Hakuwachekesha tena, na sidhani alijua namna. Lakini asubuhi, njiani kutoka kisimani, alisimama mbele ya watu, akapiga viganja vilivyopishana, akasema, "Mwa. Ke. Ye," na mama alisimama nyuma yake na ndoo kichwani, maji yakimtiririkia shingoni, mpaka salamu iishe.

Katikati ya masika alianza tena kutapika asubuhi.

Safari hii hatukwenda mbali. Picha zilipigwa, zikatumwa, na yule daktari kijana wa Kasulu akatuita ofisini kwake. Akampigia daktari wa upasuaji, akaweka simu mezani ili sote tusikie. Ile sauti ya chini ikatoka kwenye simu ikatusalimia, ikamuulizia mdogo wangu kwa jina. Kisha ikasema uvimbe umerudi, na umeenea. Angeweza kufungua tena. Haitamponya. Ingempa miezi kadhaa, pengine zaidi ya ambayo angepata bila hivyo. Na safari hii sauti inaweza kuondoka moja kwa moja, na uwezo wa kumeza pia. "Mwambie mama," ikasema. "Na mimi sitaona vibaya kwa lolote atakaloamua."

Mama alinitazama mimi. Mikono yake ilikuwa juu ya pindo lenye doa.

Nikamwambia. Nilisema neno moja baada ya jingine, kwa Kiha, na hakuna nililoliacha. Nilitamka kurudi, nikatamka kuenea, nikatamka kifo kwa jina lake, mchana, mlango ukiwa wazi na mtoto amekaa kwenye benchi nje, anamhesabia muuguzi vidole. Nilisema kama mtu anayechimba shimo kwa mikono yake. Ilichukua muda mrefu. Simu ikauliza, "Mpo?"

"Tupo, daktari," nikasema. "Bado namwambia. Kiha ni lugha ndefu."

Nilipomaliza mama akauliza maswali yake, nami nikayapeleka na kuyarudisha.

"Akifunguliwa, atapona?"

Hapana, ilisema simu.

"Akiachwa, ataumia?"

Tutampa dawa za maumivu. Tutajitahidi asiumie.

"Akiachwa, ataongea?"

Kwa muda, ilisema simu. Mpaka karibu na mwisho, pengine.

 Daktari kijana alikuwa anatazama meza. Kisha mama akaiinamia simu, akaiambia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Asante, baba. Umesema. Tunarudi nyumbani." Tulipokuwa tunatoka daktari kijana aliinuka akamfungulia mlango ambao ulikuwa tayari wazi.

Niliacha chumba changu Kasulu nikaenda kukaa nao. Mdogo wangu alilala kwenye mkeka mlangoni, mahali penye jua la asubuhi, ambapo angeweza kuona njia. Watu walikuja. Kwetu mgonjwa hatembelewi kwa mikono mitupu wala kwa mdomo mtupu, na waliingia na ndizi na maneno mengi, na mdogo wangu alipofungua kinywa walikimbilia kumsaidia. "Maji? Uji? Unataka kugeuka?" Mama yangu, mtu wa kuitikia, alijifunza kukatiza wageni.

"Mwacheni amalize," alisema.

Wakaacha. Wakajifunza kukaa. Nimeona watu wazima, wenye mashamba yanayowasubiri, wamekaa kwenye vigoda wakiisubiri silabi ya pili. Siku moja alimsimulia mama kisa cha mbuzi tangu mwanzo. Kilichukua asubuhi nzima na sehemu ya mchana. Alipumzika katikati, akalala, akaamka, akaendelea pale pale. Mama hakutoka. Chungu kiliungua jikoni, tukala kilichoungua. Alifika kwa mbwa wa pili. Mbwa wa pili hakuwa na makosa, kumbe. Alipigwa bure, kwa kufanana na wa kwanza. Mama alisikitika kwa ajili yake kwa kweli, na mdogo wangu aliridhika.

Maharage yalipokauka shambani, maneno yalipungua. Yakawa matatu kwa siku, kisha moja. Dawa zilifanya kazi yake, hakulia.

Asubuhi ya mwisho jua lilikuwa limeshaingia mpaka katikati ya mkeka. Mama alipiga viganja, akamsalimia. Mdogo wangu alifungua macho. Mikono yake haikuinuka, lakini vidole vilisogeleana juu ya shuka. Akasema, "Ma. Ma." Akavuta pumzi. Akasema, "Ke."

Tulisubiri. Jirani aliyekuwa amekuja na mboga alikaribia, akainama, akataka kumkisia: kesho? kengele? Mama aliinua kiganja bila kumtazama.

"Mwacheni amalize," akasema.

Tukakaa. Kuku waliingia wakatoka. Jua lilitoka kwenye mkeka likapanda kizingiti, na mimi nilikuwa nimeshajua, na jirani alikuwa ameshajua na ameshika mdomo kwa khanga. Mama alibaki amepiga magoti, sikio karibu na kinywa cha mwanawe, na hakuna kati yetu aliyesema neno mpaka mama mwenyewe alipoinua kichwa.